Kipimo cha Siku ya Mvua Kubwa

Kila asubuhi kabla ya shule, Chiriku alishuka mtoni na daftari mkononi. Walimwita hivyo kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Kazi yake ilikuwa kusoma kina cha maji kwenye nguzo yenye namba, kisha kuandika. Aliyempa kazi hiyo ni shangazi yake, mhandisi wa madaraja, na Chiriku alivutiwa mno na shangazi huyo. Hata penseli aliichomeka nyuma ya sikio kama yeye!

Siku ya kuamua daraja gani lijengwe mtoni, shangazi alitandaza michoro miwili katika ofisi ya kijiji. Mmoja ulikuwa wa daraja la chini, maji yapite kwenye makalvati, yale mabomba makubwa ya zege. Wa pili ulikuwa wa daraja la juu, nguzo zake zote nje ya mkondo.

"Mhandisi, tusizungushane," alisema mwenyekiti wa kijiji. "Hili la chini ni nusu ya bei. Makuu ya nini?"

"Makalvati huziba kwa magogo na taka, mwenyekiti. Mtazibua kila mvua, mwaka hadi mwaka. Maji yakikosa njia yatakula kingo na mashamba, na samaki hawatapanda juu kutaga mayai." Shangazi akafungua daftari, akashusha pumzi. "Ila kwa vipimo hivi, hata siku ya mvua kubwa maji hayakufika mita mbili. Siwezi kubishana na mto. Basi tujenge la chini."

Chiriku, aliyekuwa ameketi pembeni, aliikodolea macho namba ile daftarini. Asubuhi ile ya mvua kubwa alijifunika gubigubi, akabuni namba akiwa kitandani. Akisema, shangazi hatamwamini tena. Akinyamaza, daraja litajengwa juu ya uongo wake.

"Shangazi, ile namba ni ya uongo," alisema, machozi yakimlengalenga. "Siku ile sikwenda mtoni. Nisamehe."

"Lo! Leo Chiriku kaimba la maana," mwenyekiti alisema.

Shangazi hakupandisha sauti. Alichukua futi yake ya kupimia, wakashuka wote hadi kwenye kibanda cha pampu kando ya mto. Mstari wa tope la mafuriko ya siku ile ulikuwa bado ukutani, juu ya kichwa cha mwenyekiti. Chiriku alishika ncha ya futi, shangazi akapima na kulinganisha na ile nguzo ya namba.

"Mita tatu na robo," alisema.

Mwenyekiti alishika kiuno. "La chini lingemezwa zima zima. Jenga la juu, mhandisi. Wajumbe wenzangu nitawaeleza mwenyewe."

Wakati wa kurudi, Chiriku alijikokota nyuma. Shangazi akamshika bega.

"Nimekasirika, sikufichi. Lakini umesema kweli mbele za watu, na hilo hata sisi wakubwa hutushinda. Daraja baya, mwanangu, huwa rahisi siku ya kujengwa tu. Gharama huja baadaye, nao wanaolipa ni watu, mto na samaki wake. Uongo nao ni hivyo hivyo. Wewe umelipa mapema."

"Kesho nani atapima?" Chiriku aliuliza kwa sauti ndogo.

"Nani tena?" Shangazi akamrudishia daftari. "Ni wewe."