Ushuru wa Sawa kwa Sawa

Kila siku baada ya masomo, Chiriku alipitia sokoni akielekea dukani kwa baba yake. Jina hilo alipewa na bibi yake kwa sababu ya mdomo wake usiojua kupumzika. Aliingia kwa mlango wa nyuma, akaziba pua, akaruka mtaro uliojaa maji meusi, kisha akasimama kwenye meza ya Mama Nyanya. Hapo alimkuta rafiki yake Twiga, msichana mrefu kuliko wote darasani, akimsaidia mama yake kupanga nyanya mafungu mafungu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Leo mwalimu amekunyamazisha mara ngapi?"

"Hata hesabu amepoteza," Twiga alidakia, wote wakacheka.

Duka la baba yake Chiriku lilikuwa upande wa pili, penye njia ya malori. Aliuza saruji, mabati na nondo, na maghala yake yalichukua safu nzima. Watu walimwita Tajiri, naye hakulichukia jina hilo.

Mtaro wa soko, uliopita hadi mbele ya maghala hayo, ulikuwa umeziba, na vifuniko vyake vya zege vilikuwa vimevunjika. Kamati ya soko iliitisha mkutano ili utozwe ushuru wa kuujenga upya. Wachuuzi wa mboga waliomba wenye maduka makubwa walipe zaidi. Tajiri akasimama.

"Jamani, tusibaguane! Sote hapa ni wafanyabiashara. Tulipe sawa kwa sawa, hiyo ndiyo haki. Atakayeshindwa, ampishe mwenzake."

Wenye maduka wakapiga makofi. Chiriku, aliyekuwa amesimama nyuma, alipiga kuliko wote. Kamati ikaupitisha ushuru wa sawa kwa sawa, wachuuzi wakitazamana.

Haukupita muda, Twiga akaacha kuonekana shuleni. Chiriku alipopita sokoni, meza ya Mama Nyanya haikuwepo. Alimtafuta rafiki yake hadi akamkuta kwenye uchochoro wa nyuma ya nyumba za kupanga, beseni kichwani, sauti imemkauka kwa kunadi.

"Twiga! Mbona huji shule?"

"Nitakujaje? Mama ametolewa sokoni. Ushuru ule ungemeza mtaji wote. Sasa tunatembeza. Yeye mtaa ule, mimi huu."

"Lakini si ni sawa kwa wote? Baba alisema…"

"Baba yako alisema!" Twiga alishusha beseni chini. "Kwenu ni kama kununua soda. Kwetu ni chakula cha nyumba nzima. Sawa gani hiyo? Na wewe ulipiga makofi, Chiriku. Nilikuona."

Chiriku alinyoosha mikono kumsaidia kulinyanyua beseni. Twiga akajitwika beseni lake, akaenda zake.

Chiriku alifika dukani akiwa mnyonge. Wapagazi walikuwa wakishusha saruji. Vijana walibeba mifuko miwili miwili, lakini mzee mmoja alichukua mmoja tu, akatembea nao taratibu.

"Baba, mbona yule babu anabeba mmoja?"

"Kila mtu hubeba kwa kadiri ya nguvu zake, mama. Nikimpa miwili si nitamvunja mgongo?"

"Basi mbona Mama Nyanya alibebeshwa ushuru sawa na wako?"

Mpagazi mmoja alikohoa kuficha kicheko. Uso wa Tajiri ulibadilika.

"Nani amekutuma? Mimi nilianza na toroli, sikusaidiwa na mtu! Leo niadhibiwe kwa sababu nimefanikiwa? Nenda nyumbani!"

Jioni ile alimweleza mama yake yote. Mama yake alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Baba yako si mtu mbaya. Amesahau tu toroli lilivyokuwa zito."

Wachuuzi wengi walikuwa wameshaondoka, kwa hiyo ushuru uliokusanywa haukutosha. Mtaro ukabaki vilevile. Halafu mvua ikaja. Ilinyesha mchana kutwa, maji yakafunika njia yote hata usijue pa kukanyaga.

Chiriku alikuwa amesimama mlangoni mwa ghala alipomwona Twiga akikata njia kwa kukimbia, beseni kichwani.

"Twiga! Usipite hapo! Mtaro uko wazi!"

Mvua iliyopiga mabati ilimeza sauti yake. Twiga alikanyaga maji, akadidimia. Beseni likaelea peke yake, nyanya zikatapakaa.

Chiriku alipiga ukelele. Tajiri na wapagazi wakatoka mbio. Tajiri alilala kifudifudi kwenye tope, na nguo zake nzuri zote, akapapasa ndani ya maji, akamshika Twiga gauni na kumvuta. Twiga alikuwa akitapika maji machafu, na mkono wake mmoja ulining'inia vibaya.

Wapagazi walipombeba, Tajiri alibaki amepiga magoti. Mbele yake palikuwa na kipande cha kifuniko kilichopasuka. Alijua fika ni lori gani lililokikanyaga. Lilikuwa limeegeshwa palepale, limeandikwa jina lake ubavuni.

Hospitalini, daktari aliufunga mkono wa Twiga kwa plasta. Mama Nyanya alipofika, amelowa chapachapa, Tajiri alimwendea.

"Dada yangu, gharama za hapa zote ni zangu. Na ushuru wako nitakulipia. Rudi kwenye meza yako."

Mama Nyanya alimfunika mwanawe shuka kwanza, ndipo akajibu.

"Kwa matibabu, ahsante sana. Lakini ushuru usinilipie. Mimi utanilipia kwa sababu mwanangu ameumia. Na muuza mchicha je? Asubiri mpaka wa kwake naye avunjike mkono?"

Tajiri aliinamisha kichwa.

Chiriku alikaa ukingoni mwa kitanda. "Nisamehe," alinong'ona. "Nilipiga makofi bila kufikiri."

Twiga alikuwa ameutazama ukuta. "Ndivyo ulivyo," alisema mwishowe. "Unaongea kwanza, unafikiri baadaye." Lakini Chiriku alipoushika mkono wake mzima, Twiga hakuuondoa.

Juma lililofuata, Tajiri mwenyewe aliomba mkutano. Alisimama mbele ya soko zima, na safari hii sauti yake haikuwa ya kishindo.

"Nilikosea. Ushuru utozwe kwa ukubwa wa biashara. Safu yangu nzima na meza moja ya nyanya haviwezi kutozwa sawa. Tena malori yangu ndiyo yaliyovunja vifuniko."

"Wewe toa ukitaka!" muuza vipuri alifoka. "Usitusemee sisi!"

"Kutoa nikitaka ni sadaka, ndugu yangu. Mimi nataka iwe kanuni, na ianze kunibana mimi."

Walibishana sana. Wengine waliondoka kwa hasira, wakimwita msaliti. Kura zilipopigwa, kanuni mpya ikapita, ingawa kwa tofauti ndogo. Mtaro ulijengwa, vifuniko vikawekwa vipya, na wachuuzi wakarudi mmoja mmoja. Twiga alirudi shuleni, plasta bado iko mkononi.

Siku Tajiri alipolipa ushuru wake, Chiriku alirudi nyumbani pamoja naye.

"Baba, hukuona uchungu kutoa kiasi kile?"

"Niliona, mama. Hela ni hela." Akamshika mkono wakivuka njia. "Lakini nikitoa kile, jioni bado tunakula. Mchuuzi akitozwa kama mimi, watoto wake wanalala njaa. Usawa na haki ni ndugu, mwanangu, ila si mapacha. Kila mtu alipe, hata mwenye meza ndogo, maana soko ni letu sote. Ila aliyevuna zaidi sokoni, na atoe zaidi. Niliita hiyo adhabu. Kumbe adhabu ilikuwa ile waliyokuwa wakiibeba wengine, nami nikipigiwa makofi."