Saini ya Mume

"Tisa, unanisikia?"

"Nakusikia, Mkuu."

"Bibi harusi kavaa viatu."

Simu ikakatika.

Nadine Kessler, jina la kazi Tisa, aliirudisha simu ya Motorola mfukoni, akavuta kompyuta yake karibu. Nje ya gari majani ya miti yalikuwa yameiva wekundu, na bendera za timu ya mpira zilishaning'inizwa kwa ajili ya mchezo wa kesho. Gari lake, Chevrolet la kahawia lenye maandishi ya fundi wa mifereji ya paa, lilikuwa limeegeshwa mbele ya mahakama ya Kaunti ya Tarlow, Ohio, tangu asubuhi. Hakuna aliyeligeukia.

Saa nane na dakika kumi mchana. Ijumaa.

Maneno yale manne yalikuwa na maana moja tu. Corinne Vasko ametoka hotelini. Anakwenda kusaini kwa Merle Hoyt, wakala wa hati za ardhi.

Corinne alikuwa na pasipoti ya Kanada na mabosi ambao hakuna aliyewahi kuwaona. Miezi mitatu iliyopita alinunua Kilima cha Dunmore, shamba la mahindi linalotazama moja kwa moja kambi ya jeshi la anga. Leo saa tisa kamili angelihamishia kwa kampuni ambayo anwani yake ni sanduku la posta. Jumatatu mnara wa simu ungesimama pale juu.

Mnara usiobeba simu hata moja. Mnara wa kusikiliza kila neno linalosemwa kambini.

Tatizo lilikuwa hili: kununua kilima si kosa. Kukiuza pia si kosa. Idara ya ujasusi haikuwa na cha kumkamatia. Ndiyo maana wakampeleka Wade Trimble akae karibu naye, kwa jina la Curtis Boyle, dalali wa mashamba. Wiki sita sasa. Hakuwa na redio wala simu ya siri, maana Dask, mlinzi wa Corinne, alimpekua kila asubuhi.

Wade huyohuyo ambaye kikombe chake kilikuwa kabatini kwa Nadine, na mswaki wake bafuni. Mambo ambayo Idara haikuyajua.

Kazi ya Nadine ilikuwa kuutazama mtandao wa kaunti. Watu wa Tarlow hawana siri ya karatasi. Nani kauza shamba, nani kamshitaki jirani kwa ajili ya mbwa, nani kaachana na nani: andika jina, bonyeza, soma. Wanawake wa Pell Springs, mji huo mdogo, waliusoma kila asubuhi na kahawa, kabla ya gazeti.

Nadine alipaswa kutafuta jina la Vasko tu. Hati ikiingia, atoe taarifa.

Akaandika Boyle.

Hakujua kwa nini. Au alijua.

Jibu lilitokea sekunde ileile. Halikutoka kwa msajili wa hati za ardhi. Lilitoka mahakama ya mirathi, kule kwenye leseni za ndoa.

Mume: Curtis Boyle. Mke: Corinne Vasko. Jumanne.

Nadine alisoma mara tatu. Akafungua picha ya karatasi yenyewe. Saini ilikuwa pale, na ule mkia mrefu wa herufi ya mwisho, mkia aliouona kila wiki kwenye vikaratasi vya friji yake.

Aliifunga kompyuta kwa kishindo. Akaifungua tena.

Jumanne. Jumanne yeye alikuwa kwenye gari hilihili, anakula sandwichi baridi ya kuku, anamwombea Wade asipatwe na baya. Na Wade alikuwa ng'ambo ya barabara, anaoa.

Akapiga simu.

"Mkuu, Boyle na Vasko wamefunga ndoa. Jumanne. Ulijua?"

Haskins, mkuu wake, alijibu bila kuzunguka.

"Sikujua."

"Huenda ana sababu."

"Tisa, mtu hamuoi adui bila kutuambia. Amegeuka. Akitoka naye pale, unawachukua wote wawili. Akigusa silaha, usimuulize habari za nyumbani, fyatua. Umenielewa?"

"Nimeelewa."

"Mbona sauti yako iko hivyo?"

"Mafua."

Akakagua Glock yake. Risasi kumi na tano. Akaitazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Saa tisa angejua. Kama Wade ni msaliti, angempoteza. Kama si msaliti, yeye Nadine ndiye angekuwa amemwelekezea bastola mtu asiye na kosa.

Na wivu ulikuwa umeshamponza mara moja.

Wiki mbili nyuma aliwafuata hadi mgahawani, bila amri ya mtu. Kupitia dirishani alimwona Wade akimpangusa Corinne krimu ya keki mdomoni. Kwa kidole. Nadine akaondoa gari kama mwehu. Mtaa wa pili taa za buluu zikamulika nyuma yake.

"Maili hamsini na nane kwenye barabara ya thelathini na tano, mama," alisema naibu sherifu Lyle Ottinger. "Kuna moto mahali?"

"Upo, afande. Ila huwezi kuuzima."

Ndani ya mkoba alikuwa na leseni mbili za udereva, ya kazi na ya kweli. Kwa hasira akatoa ya kweli, na kesi ikaandikwa kwa jina la Kessler.

Hilo pia hakumwambia Haskins.

*

Ofisi ya msajili wa hati ilinukia karatasi na pai ya maboga. Glenda Stroup, miaka thelathini na mmoja kaunta hiyohiyo, aliinua miwani.

"Karibu, mwanangu. Mbona umekuwa mwekundu hivyo? Kunywa maji kwanza."

"Bi Glenda, nina swali. Mwanamke ana shamba lake. Kalinunua mwenyewe. Kisha kaolewa. Anaweza kuliuza?"

Glenda akacheka hadi vipuli vikatikisika.

"Nyie vijana wa wiki hii mna nini? Kuna kijana kaja Jumatatu na swali hilohilo. Mrefu, mpole, macho ya kuomba radhi."

Nadine alisogea karibu na kaunta.

"Ulimjibu nini?"

"Nilimjibu kama ninavyowajibu wote. Huku Ohio, ukishaoa au kuolewa, mwenzako ana haki yake kwenye ardhi yako, hata kama uliinunua kabla hujalijua jina lake. Asiposaini, hakuna anayenunua. Watu wa nje hawalijui hilo. Wanadhani ndoa ni keki na picha."

"Akasemaje?"

"Akashukuru. Akaniuliza leseni ya ndoa inachukua muda gani kuonekana mtandaoni. Nikamwambia kabla hujafika nyumbani, shangazi zako wameshaisoma." Glenda akainama juu ya kaunta. "Kesho yake kaoa. Yule mwanamke wa manyoya shingoni! Mimi simpendi, na nakwambia waziwazi. Wiki iliyopita alikuja hapa kudai kesi ya mwendo kasi. Nikamwambia iko mtandaoni, bure. Akasema ameshaisoma, anataka nakala yenye muhuri. Nikampeleka dirisha la tatu."

"Kesi ya nani?"

"Ya msichana fulani. Kessler. Akaishika ile karatasi hivi, kwa ncha za kucha, akasema, 'Kumbe ndiye huyu anayemfuata Curtis wangu.' Nikajisemea, Glenda, hapo pana wivu wa kuunguza nyumba."

Nadine alishika ukingo wa kaunta.

Sasa picha nzima ilikuwa mbele yake. Corinne aliliona gari lililokimbia, akaliona likikamatwa, akaisoma kesi mtandaoni kama mama yeyote wa Pell Springs. Hakufikiria upelelezi. Alifikiria hawara. Akamshika Curtis: nioe, tena wiki hii. Na Wade, badala ya kukataa, akaja hapa kuuliza sheria.

Hakumuoa mwanamke. Alioa kilima.

Wivu haukuondoka, lakini sasa ulikuwa na kazi ya kufanya.

"Bi Glenda, mpigie naibu Ottinger. Mwambie aje ofisi ya Merle Hoyt haraka. Yule wa maili hamsini na nane anakaribia kuvunja sheria tena."

Glenda alimtazama usoni. Polepole mdomo ukafunguka.

"Wewe ndiye Kessler!"

"Piga simu, mama."

*

Saa tisa kasoro dakika mbili.

Ofisi ya Merle Hoyt, wakala wa hati, ilikuwa ng'ambo ya uwanja wa mahakama, juu ya duka la mikate. Nadine alisimama chini ya ngazi, akaelekeza kwenye kioo cha dirisha la juu kalamu nyeusi ya Parker. Haikuwa kalamu. Leza isiyoonekana iligonga kioo, na sauti za chumbani zikamwingia sikioni.

"...imeandikwa hapa, 'Corinne Vasko, asiye na mume,'" Merle alikuwa akisoma. "Unaapa kuwa ni kweli?"

"Naapa. Tuharakishe, bwana Hoyt." Sauti ya Corinne, laini kama hariri.

Kalamu ikakwaruza karatasi.

Hati ilikuwa imeandikwa mwezi uliopita. Corinne hakuisoma upya. Kwake lilikuwa neno dogo tu.

"Vizuri. Kabla sijagonga muhuri huwa nachungulia mtandao. Kawaida yangu, msiniudhikie." Vidole vikagonga vitufe. Vikasimama. "Mama... hapa panasema umeolewa. Jumanne."

"Na hilo linakuhusu nini?"

"Linahusu kilima chote. Nahitaji saini ya mume. Yuko wapi?"

"Huyu hapa. Curtis, saini."

Nadine aliibana kalamu mkononi.

"Hapana," alisema Wade.

Neno moja. Nadine alifumba macho. Wade hajageuka.

"Mpenzi, usinichekeshe."

"Sisaini, Corinne."

"Ni yule Kessler! Kakwambia nini? Dask, mfundishe kuandika."

Chuma kikalia. Usalama wa bastola umefunguliwa.

Nadine alipanda ngazi tatu tatu. Akiingia kama jasusi, Dask angefyatua. Ilibidi aingie kama mtu mwingine. Bahati nzuri mtu huyo alikuwa tayari ndani yake tangu saa nane na robo.

Alipiga mlango teke.

"Wewe Curtis! Umeoa?!"

Wote wakageuka. Dask, bega kama kabati, alikuwa na bastola aina ya Makarov kwenye ubavu wa Wade. Merle Hoyt, mwenye tai ya kipepeo, alikuwa ameinua mikono yote miwili.

"Miaka miwili nakufulia soksi!" Nadine alipiga kelele, na machozi yaliyotoka hayakuwa ya kuigiza. "Miaka miwili! Nije nikusome mtandaoni kama kesi ya mbwa?"

"Nadine, naweza kueleza..."

"Funga mdomo! Krimu ulimpangusa kwa kidole! Mimi hujawahi kunipangusa hata vumbi!"

Corinne alicheka. Alisimama, manyoya yakiteleza begani.

"Huyu ndiye? Curtis, nilitegemea mrembo kidogo. Mtazame viatu vyake. Dada, umechelewa. Mume ni wangu, na karatasi ninayo."

"Karatasi nimeiona. Hongera."

"Nenda nyumbani ukalie."

Dask naye alitabasamu. Mdomo wa bastola ukashuka kidogo tu, kama upana wa vidole viwili. Ndicho Nadine alichokuwa akikisubiri.

Muhuri wa chuma wa Merle, mzito kama nyundo, ulikuwa ukingoni mwa meza. Nadine aliunyakua akaushusha juu ya kifundo cha mkono wa Dask.

Mfupa ukalia. Bastola ikaanguka. Wade akaipiga teke hadi chini ya kabati, akamkaba Dask shingo kutoka nyuma, wakaenda chini pamoja na kiti.

Corinne alikuwa ameshafika mlangoni na mkoba wake.

Glock ilimsubiri hapo.

"Weka chini, Bi Boyle," alisema Nadine. Sauti yake sasa ilikuwa baridi kabisa. "Ijumaa njema ya kuapa uongo mbele ya wakala. Na kuagiza mtu atishiwe bastola. Hapo ndipo ulipotupa kosa, na tulikuwa tumelitafuta wiki sita."

Uso wa Corinne ulibadilika rangi mara mbili.

"Wewe... si hawara?"

"Kwa leo, nina kazi mbili."

King'ora kikalia nje. Ottinger aliingia akihema, akamwona Nadine, akaiona bastola.

"Wewe tena!"

"Mimi tena, afande. Safari hii nimesimama."

Ndani ya mkoba wa Corinne mlikuwa na michoro ya mnara na orodha ya masafa yote ya redio ya kambi. Merle Hoyt aliichukua ile hati, akamkabidhi Ottinger kama ushahidi, kisha akaketi chini akaomba maji.

*

Jioni Wade alimkuta Nadine kwenye ngazi za mahakama.

"Nadine. Jina si langu, ndoa si halali. Sikuwa na namna ya kukuambia. Niliiweka mahali pekee nilipojua ungetazama."

Nadine alimtazama. Mdomo wake ulikuwa umepasuka. Alitaka kuupangusa. Aliuacha.

"Nilijua ungeandika jina langu," alisema Wade polepole. "Uliambiwa usiandike."

"Niliambiwa."

"Ndiyo maana nilikutegemea."

Nadine alikaribia kutabasamu, kidogo tu.

"Kwenye mtandao wa kaunti wewe ni mume wa mtu, Wade. Mama yangu anausoma. Shangazi yangu anausoma. Hadi hapo patakaposema vingine, kikombe chako nakiweka sandukuni."

"Dirisha la mahakama limefungwa hadi Jumatatu!"

"Basi Jumatatu ni siku nzuri."

Akaondoka.

Jumatatu saa mbili na dakika nne asubuhi Nadine aliandika Boyle. Ombi la kubatilisha ndoa, limepokelewa dakika moja iliyopita. Kwenye nafasi ya sababu, kwa mkono, na mkia mrefu kwenye herufi ya mwisho: *Jina la mume si lake. Na kuna mtu anayemsubiri.*

Alivuka uwanja, akaingia, akasimama mbele ya kaunta.

"Iko mtandaoni, mwanangu," alisema Glenda, macho yakimeta. "Bure."

"Najua. Nataka nakala yenye muhuri."

Glenda akampeleka dirisha la tatu. Nadine aliikunja karatasi mara mbili, akaitia mfuko wa ndani wa koti, upande wa pili wa Glock. Simu ikalia.

"Tisa, unanisikia?"

"Nakusikia, Mkuu," alijibu, akashuka ngazi bila haraka. Akaliondoa lile Chevrolet kwa maili thelathini na tano kamili.