Mguu Uliochelewa

Kila hisia kacheza, kila ngoma na maana,
Kilio kakibakiza, nacho kikamwita mwana.

Leonce alisimamisha ngoma katikati ya mdundo, akatega sikio.

"Nani kaongeza mguu?"

Wachezaji walitazamana. Walikuwa wanawake wanne, ndani ya ghala kuukuu la tumbaku pale Mfaranyaki, ambalo chama cha ushirika kilikuwa kimelitelekeza tangu miaka ya ruksa ilipoingia na wanunuzi binafsi wakajaa mkoani. Mvua ilikuwa imekatika. Kibanda cha video cha jirani kilikuwa kikijaribu spika zake.

"Baba mdogo, pombe ya komoni ya jana bado imo masikioni," alitania Walburga, na wenzake wakacheka.

"Chekeni tu. Linalokunywa ni tumbo, masikio yangu hayanywi. Njuga zimelia tano."

Lidwina Haule, mtunzi na mwalimu wao, hakucheka. Naye alikuwa amezisikia.

Kwa miaka mingi Lidwina alikuwa akitunga ngoma zisizofanana na za kikundi kingine chochote Songea. Alichukua hatua za ngoma ya lizombe alizozikuta kwao, akazivunja, akazipanga upya, ili kila ngoma ibebe hisia moja ya binadamu: Hofu, Wivu, Tamaa, Furaha. Furaha ilipochezwa uwanjani, watu wazima walitokwa na machozi wasijue kwa nini. Ilikuwa imebaki Kilio. Aliianza baada ya kumzika binti yake wa pekee, Lightness, mchezaji wa katikati, aliyechukuliwa na homa ya siku chache huku bado amenuna kwa kugombezwa mazoezini.

Kikundi kile kilikuwa na desturi yake. Mwenzao akifa, siku ya kumaliza tanga wachezaji husogeleana, wakaifunga safu, pasionekane tena mahali alipokuwa akisimama. Lidwina alikataa.

"Kilio hakichezwi na safu iliyojaa," alisema.

Akaiacha wazi nafasi ya Lightness. Akawafundisha wale wanne kuizunguka, kuigeukia na kuinyooshea mikono. Njuga za marehemu akazitundika msumarini, ukutani, mkabala na nafasi ile. Sasa, Leonce aliponyamaza, Lidwina alizitazama. Zilikuwa zimetulia, lakini vumbi lake lilikuwa limepukutika.

Kuanzia siku ile harufu ya tumbaku, iliyokuwa imeganda katika kuta zile kwa miaka mingi, ilianza kufifia, na badala yake ikaja harufu ya mafuta ya nazi yaliyochanganyika na udongo mbichi. Lidwina aliyajua mafuta yale. Alikuwa ameyapaka mwenyewe katika nywele za mwanawe, toka utotoni. Akawa anafika ghalani kabla ya wenzake, anaketi mbele ya nafasi tupu, ananong'ona, "Umekuja, mama?" Njuga zilimjibu, polepole, kama mtu anayejinyoosha miguu baada ya usingizi mrefu.

Walburga ndiye aliyecheza karibu zaidi na nafasi ile.

"Mwalimu," alisema jioni moja, sauti chini, "miguu yangu inachoka kabla sijacheza. Ni kama kuna mtu ameshaitumia."

"Kaza mazoezi."

"Mwalimu, ninaogopa."

"Kaza mazoezi, Walburga."

Juma lililofuata Walburga aliletwa ghalani kutoka Mjimwema juu ya baiskeli ya kaka yake, miguu ikining'inia haina uhai. Hospitalini hawakuwa wameona kitu. Wenzake walimlaza juu ya mkeka, kando ya ukuta, na Leonce, bila kumwuliza Lidwina, shemeji yake, akamleta Bi Kasiana wa Ruhuwiko, mganga wa kupunga pepo.

"Shikamoo, bibi," alisema Lidwina kwa shingo upande.

"Marahaba. Nafasi hii ni ya nani?"

"Ya mwanangu."

"Ya mwanao iko makaburini. Hii umemwekea nani?"

Bi Kasiana hakufukiza ubani wala hakukemea. Alimwashiria Leonce apige.

Wachezaji watatu waliingia katika Kilio, na walipoigeukia ile nafasi tupu, njuga zilizokuwa msumarini zikaanza kulia zenyewe, kwanza kwa mbali, kisha kwa karibu, na vumbi la sakafuni likabonyea unyayo baada ya unyayo, mwembamba, wa msichana, na harufu ya mafuta ya nazi ikajaa hadi ikakaba koo, na moyo wa Lidwina ukapanda kwa furaha aliyoionea aibu, mpaka alipozisikiliza zile hatua kwa sikio la mwalimu na kugundua kwamba kila mmoja wa miguu ile ulikuwa ukitua juu ya mdundo, sawasawa, bila kupungua wala kuzidi, ilhali mguu wa kushoto wa Lightness, tangu alipoanza kucheza hadi alipoanguka kitandani, ulichelewa kila mara kwa kiasi cha pumzi moja, na kwa pumzi hiyo moja mama yake hakuacha kumgombeza.

"Huyu si mwanangu," alinong'ona. "Huyu hakosei."

"Basi funga safu," alisema Bi Kasiana.

"Nani asimame pale?"

"Aliyepaacha wazi."

"Bibi, nikipafunga, nitazisikia tena njuga?"

"Hutazisikia."

Juu ya mkeka, Walburga alikuwa akilia bila sauti, mikono yake ikipapasa magoti yasiyohisi kitu. Lidwina alimtazama. Kisha akavua viatu, akaingia.

Baridi ilimpanda hadi magotini. Sauti ikamjia sikioni, ile ile ya mwanawe, ya upole, yenye kukwaruza kidogo:

"Mama, sasa sikosei. Si ndivyo ulivyotaka?"

Lidwina aliyabana meno. Leonce alipiga, naye akatua mguu wa kulia. Wa kushoto akauzuia, kwa kiasi cha pumzi moja, ndipo akautua. Akarudia. Alilicheza kosa la mwanawe kama lilivyokuwa, asilisahihishe, machozi yakimtiririka hadi kidevuni, na ile hatua ya pembeni yake, isiyojua kuchelewa, ikababaika, ikatafuta mdundo, ikaupoteza.

"Mama, nifundishe mguu huo!"

"Huo haufundishwi," alisema Lidwina. "Ulikuwa wake."

Msumari uling'oka. Njuga zilianguka, zikatawanyika sakafuni. Harufu ya tumbaku ikarudi ghalani, kavu, kali.

Bi Kasiana alikuwa ameketi kizingitini, amechoka. Wale wachezaji watatu walikuwa wamekimbilia nje. Leonce alikuwa ameiinamia ngoma yake, na Lidwina alikuwa chini, ameikumbatia sakafu, akiliita jina la mwanawe bila kuitikiwa.

Aliyebaki amesimama, kwa miguu yake mwenyewe, alikuwa Walburga.