Fungu la Tapsabei

Kipkurui alikuwa na mdomo usiotulia, na mimi namlaumu kwa hilo tu. Kazi yenyewe aliijua. Katika ofisi ya kampuni moja ya majani chai nje ya Kericho kulikuwa na kabati kubwa la kanda za kuhifadhia kumbukumbu za kompyuta, lenye mkono mmoja wa chuma wa kuzichomoa na kuzirudisha. Kompyuta tatu ziligombania mkono huo: ya mizani, ya ofisi na ya zahanati. Akaambiwa azigawe kanda, kila kompyuta ione fungu lake tu.

Alianza na fungu la majaribio, na mashine ikataka lipewe jina. Kwao Wakipsigis, mtoto mchanga huitiwa majina ya marehemu wa ukoo hadi apige chafya, na aliyetajwa hapo ndiye amerudi. Kipkurui, ambaye mkewe Rodah alikuwa na mimba ya miezi minane, aliliinamia kabati akaanza kuita kwa mzaha. Alipomtaja Tapsabei, dada ya nyanya yake, aliyekufa zamani na hajawahi kurudi kwa mtoto yeyote, kabati likapiga chafya.

"Hiyo ni vumbi," alisema Mwihaki, mwenzake wa kazi, kwa sauti ya chini.

Fungu hilo alilifuta jioni. Asubuhi lilikuwepo, likiwa na kanda tisa za zahanati, ingawa halikuunganishwa na kompyuta yoyote. Chumba kilinuka maziwa ya kibuyu. Akazirudisha zahanati, na muda huo huo Rodah akapiga simu.

"Kipkurui, mtoto ameacha kucheza."

Alikimbilia kibodi. Akamrudishia Tapsabei zile kanda tisa, na mtoto akacheza.

Alhamisi mchana mvua ya mawe ilikata umeme, na uliporudi ukaichoma kompyuta ya zahanati. Muuguzi Metrine akapiga simu. "Kuna mama hapa amejifungua, anavuja damu. Rekodi yake iko kwa kanda zenu. Nataka kujua ni dawa gani ilitaka kumuua ile mara ya kwanza."

Rekodi ilikuwa katika zile tisa. Kipkurui alianza kuzitoa kwa Tapsabei ili azisome kwenye kompyuta ya ofisi, na mkono wa chuma ukaenda ukasimama mbele ya kanda ya kwanza bila kuigusa, na harufu ya maziwa ikapanda hadi ikamjaa kooni, na ndani ya kabati kitu kikavuta pumzi polepole kama mzee anayeamshwa, na simu yake ikaanza kulia mfukoni, na jina lilikuwa la Rodah.

"Endelea," Mwihaki alinong'ona. "Huyo mama atakufa."

"Na wangu?"

Akaacha. Kisha, kwa mkono wake mwenyewe, akampa Tapsabei kanda zote za zahanati zilizobaki.

Saa kumi na moja Metrine alipiga tena. Aliomba tu gari la kubeba maiti.

Nyumbani Rodah aliuchukua mkono wa mumewe akauweka tumboni. Mtoto alikuwa akipiga mateke mazito, ya polepole.

"Leo ni kama ameshiba," alisema, akitabasamu.