Programu Niliyomchagulia Kaka Yangu

Baba yangu alinikana siku nne baada ya kuzikwa.

Msishangae. Nilimwona kwa macho yangu, kwenye TV ya sebuleni kwetu Migori, amevaa koti lake la kanisani, watu wa ukoo wamejaa mpaka mlangoni.

"Duka la Migori ni la Cephas," alisema kwenye kaseti. "Phelesia asipewe kitu hapo."

Phelesia ni mimi.

Kaka yangu Cephas akainamisha kichwa, kama mtu anayeona aibu kwa niaba yangu. Baba mdogo Nyamongo, aliyesimamia kikao, akazima video.

"Umesikia mwenyewe," akaniambia.

Nilisikia. Sauti ilikuwa ya Baba kabisa...

Wacha niwarudishe nyuma.

Ilikuwa 1999. Nilikuwa nimekaa na Baba dukani miaka sita, tukiuza misumari, mabati na rangi. Cephas alikuwa ameshapewa shamba la miwa Awendo. Mwezi wa pili Baba alianza kuugua, akamwita mtu wa kamera amrekodi akisema mali yake iende vipi. Mimi nilikuwa dukani. Jioni aliniambia kwa mdomo wake:

"Duka ni lako. Nimeshasema mbele ya kamera."

Mwezi wa tano akapigwa na kiharusi. Hakuongea tena.

Mwezi wa sita Cephas akaleta computer nyumbani. Alisema anataka biashara ya video za harusi. Mimi ndiye niliyesomea computer, kwa hivyo akaniletea CD mbili za programu za kukata video.

"Phele, nichagulie moja. Wewe ndiye unajua."

Jamani, nilifurahi! Kaka yangu hakuwahi kuniuliza kitu maishani.

Nilizijaribu wiki nzima. Nilirekodi ng'ombe wetu na ndama wake wa siku mbili, nikaingiza picha kwenye computer, nikawa nakata na kuunga.

Ya kwanza ilikuwa rahisi. Maua yanaruka, majina ya bwana na bibi harusi yanazunguka. Lakini picha na sauti zilikuwa zimeshikana. Ukikata moja, umekata zote.

Ya pili ilikuwa ngumu, na computer ilikuwa ikiganda kila saa. Lakini picha ilikaa kwenye mstari wake, na sauti kwenye mstari wake.

Cephas alikuwa na swali moja tu.

"Nikikata katikati ya mtu akiongea, itaonekana?"

"Kwa hii ya kwanza, itaonekana. Kichwa chake kitaruka."

"Na hii ingine?"

"Hii unafunika pale ulipokata na picha nyingine. Sauti inaendelea. Hakuna atakayejua."

"Basi ni hiyo. Nionyeshe."

Nikamwonyesha. Siku tatu nilikaa naye, nikimshika mkono kwenye mouse kama mtoto wa nasari.

Mwezi wa nane Baba akafa.

Sasa turudi sebuleni. Baba alipofika kwenye majina yetu, uso wake ulitoka kwenye TV. Akaonekana ng'ombe na ndama wake, sauti ikaendelea. Nilikaa pale nikitazama picha niliyoipiga mimi mwenyewe.

"Baba mdogo, huyo ndama amezaliwa mwezi wa sita," nikasema. "Baba alirekodiwa mwezi wa pili. Amefikaje hapo?"

"Nimepamba tu," Cephas akajibu taratibu. "Kaseti ilikuwa inachosha. Maneno ni ya Mzee."

"Maneno ni yake, lakini umehamisha majina. Alisema duka ni la Phelesia, Cephas asipewe kitu hapo. Leteni kaseti ya kwanza."

Nyamongo akanitazama.

"Kwa hivyo shahidi wako ni ndama?"

Watu wakacheka. Siku nne tu baada ya mazishi, walicheka. Hata shangazi Zilpah, aliyenishikilia pale kaburini nisianguke, alijifunika mdomo kwa leso, mabega yakitikisika.

"Weka funguo za duka mezani," Nyamongo akasema.

Niliziweka. Cephas alizichukua kabla sijaondoa mkono.

Nikatoka, nikamfuata Mama jikoni. Alikuwa anaosha sufuria.

"Mama, kaseti ya kwanza iko wapi?"

"Nimerekodi kwaya juu yake."

Nilidhani ni bahati mbaya...

"Mama! Cephas amenifanyia..."

"Cephas hajui kufanya kitu." Alisema bila kugeuka. "Mimi ndiye niliyemwambia majina yahamishwe wapi. Mimi ndiye niliyemtuma akuulize programu. Ningemtuma kwa nani mwingine?"

Nikashika mlango.

"Kwa nini, Mama?"

"Wewe utaolewa, uondoke na duka. Mimi, Cephas ndiye atakayenizika."

Akaipindua sufuria, akajifuta mikono kwa kanga.

"Na ulichagua vizuri. Nimeishi na huyo mzee miaka thelathini, na hata mimi sikusikia mahali alipokatwa."

Wiki hiyo nilihamia Homa Bay na begi moja. Nilipata kazi ya kuchapa barua za watu, kwenye chumba cha mama mmoja aliyeniita nyar Kisii, yaani binti wa Kisii kwa Kijaluo, mpaka watu wakasahau jina langu. Baadaye nikarudia video, kwa sababu ndiyo kazi ninayoijua. Mama hajawahi kuniomba msamaha, na mimi sijawahi kwenda kuutafuta.

Ndugu msomaji, mtu wa kwenu akija kukuuliza kifaa gani kinakata vizuri, usikimbilie kuonyesha ujuzi wako. Muulize kwanza anataka kumkata nani.

Mimi nilimpa jibu sahihi kabisa.