Damu Iliyomchongea Bi Harusi

"Wening, nani kakuambukiza kaswende?"

Jamani, hata salamu hakuna! Seto huyo, mchumba wake, kapiga simu anahema. Majibu ya damu wanayopimwa wachumba kabla ya ndoa yametoka kliniki, na mama yake Seto ndiye kayapokea.

"Seto, sijawahi kulala na mtu! Si unajua?"

"Mimi sina. Sasa wewe umeitoa wapi?"

Akakata. Wening kaduwaa chumbani. Kwa mila za mji wao wa Solo, bi harusi huwekwa ndani, haonani na mchumba mpaka siku ya ndoa. Angemfuata vipi?

Jioni mguu wa kushoto ukavimba kama mgomba. Mama yake akaita mkandaji.

"Ni kukaa sana, mwanangu. Akukande, damu itembee."

"Mama, asiniguse! Kifua kinabana!"

"Bi harusi gani analia kukandwa?" mkandaji akacheka, huku anapaka mafuta. "Usiku wa ndoa si utaita polisi?"

Wening akamwandikia Seto:

"Sikuombi unioe. Mguu umevimba, pumzi inakata. Naogopa kufa huku unaniona malaya."

Ujumbe umesomwa.

Mara pikipiki nje, kelele sebuleni.

"Seto, mwiko! Bwana harusi haingii humu!"

"Basi ndoa imevunjika, mama! Mimi si bwana harusi tena, nipishe!"

Wening aliyasikia hayo yote. Kabla hajalia, Seto kashaingia, kambeba huyoo!

Hospitalini daktari aliwaka.

"Nani alikuwa anakanda mguu huu? Kuna bonge la damu, na vipande vimeshafika mapafuni!"

"Mimi ndiye niliyemwita mkandaji," mama yake Wening akakiri.

Majibu yalipokuja, Seto aliuliza kwa sauti ndogo, "Dokta, na ile kaswende?"

"Hana. Nimepima kwa njia nyingine. Kingamwili zake zinamgeuka, zinagandisha damu, na hizo hizo ndizo zinadanganya kile kipimo cha kwanza. Tutazipima tena baada ya wiki kumi na mbili. Zikiwepo bado, basi ni ugonjwa wa kudumu."

"Nitazaa?" Wening akanong'ona.

"Mimba zinaweza kuharibika. Ila kwa sindano za kuzuia damu isigande, wengi wanazaa."

Seto machozi yanamtoka. "Nisamehe, Wening."

"Umevunja ndoa mbele ya mama yangu."

"Nilikuwa natafuta njia ya kupita!"

"Basi posa inaanza upya. Na kwanza uogope na mimi wiki zote hizo. Nimechoka kuogopa peke yangu."

Akaogopa kweli, shoga zangu! Kila akikohoa Wening, yeye anashika funguo za pikipiki.

Siku ya majibu ya pili, Wening hakuweza kutazama. Seto akasoma.

"Zipo bado. Ziko juu."

Wening akafumba macho akisubiri aondoke.

"Mama yangu yupo nje," Seto akasema. "Amekuja kukuomba radhi kwa kuamini ile kaswende. Halafu anakuposa. Nimwambie aingie?"

"Aingie," akasema Wening, "ila wewe usitoke."