Vitambaa vya Miguu Ndani ya Bomu

Saa kumi na moja na nusu alfajiri Luteni Anfisa Korzun alishuka kwenye ndege yake akiwa na damu kwenye mkono wa koti. Haikuwa damu yake. Ilikuwa ya Marfa, mwongozaji wake wa kiti cha nyuma, ambaye walikuwa wanampakia kwenye gari la wagonjwa huku akitukana watu wote kuanzia dereva. Hapo Anfisa akapumua kidogo. Marfa akitukana, ujue bado yupo.

"Lilianguka kama jiwe, Anfisa!" Marfa alipiga kelele kutoka kwenye machela. "Nimevuta pini, nimehesabu, nasubiri mwanga, wapi! Giza tupu! Mguu wangu huo umeenda kwa ujinga wa mtu!"

Alikuwa anazungumzia bomu la mwanga. Unalitupa kwanza, mwavuli wake mdogo wa hariri unafunguka, linaning'inia angani likiwaka, unaona daraja la Wajerumani, ndipo unatupa mabomu yenyewe. Lisiponing'inia, unazunguka gizani kwa ndege ya mbao na turubai inayovuma kama cherehani bovu, na Mjerumani anakupiga kwa kufuata sauti.

Anfisa hakwenda kunywa chai. Alichukua bisibisi, akalitoa bomu la pili kwenye sanduku lile lile, akakaa nalo kwenye bawa na kulifungua mbele ya mafundi wote. Pale palipotakiwa kuwa na hariri iliyokunjwa, akavuta vitambaa vya flaneli. Viwili. Vipya, alama za mkunjo wa kiwandani bado zinaonekana. Vitambaa vya miguu, vile askari anavyozungushia miguuni kabla ya kuvaa buti.

"Mama yangu," alisema Zinaida Lapko, fundi silaha wa miaka kumi na tisa aliyeyafunga mabomu hayo kwenye ndege. Uso ulimwisha damu.

Saa tatu asubuhi Zinaida alikuwa amevuliwa mkanda na kufungiwa kwenye banda la kuku.

Aliyemfungia ni Kapteni Kobzev, mpelelezi kutoka makao makuu ya divisheni, mtu aliyeiona vita yote kupitia kioo cha gari. Alishukia bohari kwanza, akanywa chai na mkuu wa bohari, ndipo akakumbuka kuna kazi. Alijipachika kwenye meza ya mwalimu katika shule ya kijiji, akajikuna shingo, akajifuta jasho kwa leso yake nyeupe, akaanza.

"Nani anayagusa mabomu ya mwanga?"

"Mimi, Ndugu Kapteni," alisema Zinaida, aliyeletwa na mlinzi.

"Na nani mwingine?"

"Kwenye ndege, mimi tu. Nayapokea bohari yakiwa yamefungwa."

"Basi kesi imekwisha." Kobzev alifungua mkoba wake akatoa kitu kwa ncha za vidole. "Hii imekutwa chini ya godoro lako. Ni nini hii?"

"Sidiria, Ndugu Kapteni."

"Najua ni sidiria!"

"Hongera," alisema Anfisa, aliyekuwa amesimama mlangoni bila kukaribishwa.

Kobzev akawa mwekundu. "Luteni! Hii ni hariri! Hariri ya mwavuli!"

"Ya kijani. Miavuli yetu ni myeupe. Hiyo imetoka kwenye bomu la mwanga la Wajerumani lililoanguka kwenye shamba la alizeti, kikosi kizima kinajua. Tulipewa makalisoni ya wanaume, Ndugu Kapteni. Wewe ukipewa ya wanawake utayavaa?"

"Anaweza kuwa ameitia rangi!"

"Kwa rangi ipi? Kwa supu ya kabichi?"

Kobzev alijikuna tena, safari hii kwapani, akatangaza kwamba saa kumi na mbili jioni anaondoka na mtuhumiwa kwenda mahakama ya kijeshi. Zinaida hakulia. Alitazama buti zake tu. Mahakama ile ilikuwa haichukui hata nusu saa, na risasi haikatiwi rufaa.

Anfisa akaenda bohari. Mlangoni alikaa Taras, mlinzi mwenye jicho moja, ambaye kila mtu alikuwa ameshamhukumu kwa sababu anauza chochote akipata gongo.

"Usinitazame hivyo, binti. Nimeuza misumari. Nimeuza ndoo. Hariri sijagusa."

"Vua buti."

"Nini?"

"Vua buti, mzee, mimi si mchumba wako."

Taras akavua huku akinung'unika. Ndani ya buti mlikuwa na majani makavu na gazeti lililolowa. Anfisa alisimama akilitazama gazeti lile. Kwa mwezi wa pili mfululizo tope la uwanda wa Kuban lilikuwa linawafika magotini, na wote walikuwa wanatia magazeti kwenye buti, kwa sababu mgao wa vitambaa vya miguu uliungua kwenye treni. Nani kasema uliungua? Mkuu wa bohari, Meja Ryabtsev. Sasa, mtu gani mwenye miguu iliyooza apate flaneli mpya kavu halafu akaivishe bomu? Zinaida angeiiba hariri, sawa. Lakini bomu angelijaza nyasi, flaneli angeifunga miguuni na kulala nayo.

Aliyeijaza flaneli alikuwa hajui thamani yake. Maana yake miguu yake ilikuwa mikavu.

"Meja huwa anaingia peke yake?"

"Ni bohari yake. Anaingia, anajifungia, anatoka ananuka sabuni." Taras alitema mate. "Hata chawa hawamtaki yule."

"Umesemaje?"

"Umewahi kumwona anajikuna?"

Anfisa akafikiri. Kamanda wa kikosi alikuwa anajikuna. Daktari pia. Kobzev alikuwa na asubuhi moja tu hapa na tayari chawa wameshampata. Chawa akipanda pamba anashika. Akipanda hariri anateleza.

Saa saba mchana wote walikuwa kwenye chumba cha chakula, kwenye nyama ya kopo ya Wamarekani na uji mzito. Meja Ryabtsev alikaa karibu na Kobzev, amenyolewa vizuri, sigara mdomoni bado haijawashwa. Kila askari hushona ukanda mweupe ndani ya kola ya gwanda lake. Za wasichana zilikatwa kwenye bendeji kuukuu, zimekuwa rangi ya chai. Wa Meja uling'aa.

"Masikini huyu mtoto," alisema Ryabtsev. "Lakini sheria ni sheria. Au tuseme mwongozaji ndiye alikosea kuvuta pini? Wanawake, giza, hofu..."

Vijiko vikasimama.

"Ndugu Kapteni," Anfisa alisema kwa sauti ya upole iliyowafanya wenzake watazamane, "utakapombeba Zinaida mpekue vizuri, gari lisilipuke. Hariri ya miavuli yetu inapakwa unga wa fataki ili isigandamane. Hautoki hata uifue mara ngapi. Cheche moja tu, pu!"

"Kweli?" Kobzev aliuliza.

"Kuna luteni wa kikosi cha jirani alijishonea shati. Akawasha kiko. Walizika mikono tu."

Fundi mmoja akazamisha uso kwenye bakuli. Ulikuwa uongo mtupu, na kila msichana pale ndani aliujua. Lakini mtu wa bohari haingii kwenye karakana ya silaha, atachafuka.

Anfisa akawasha kiberiti, akainama mezani kwa adabu zote. "Moto, Ndugu Meja?"

Ryabtsev alirudi nyuma na kiti chake, wakaanguka wote wawili. Sigara ilimtoka. Mikono yote miwili ilishika kola.

"Zima! Zima, mwendawazimu wewe!"

"Mbona unajishika shingo? Mtu akiona moto anaokoa macho."

Kobzev hakuwa mwerevu, lakini hata yeye alielewa. Aliinama akamfungua Meja vifungo. Ukanda wa kola ulikuwa hariri. Chini yake shati la ndani, hariri nyeupe, limeshonwa vizuri mpaka kiunoni.

"Flaneli tuliyoambiwa imeungua," alisema Anfisa, "umeijaza kwenye mabomu ili uzito usipungue. Mabomu mangapi?"

"Sita. Nilidhani mnayo mengi!" Ryabtsev bado alikuwa sakafuni. "Mpiga taipu wa makao makuu alitaka blauzi. Yeye ndiye anayeandika orodha ya uhamisho. Mimi si mtu wa kufia kwenye tope, na hawa chawa... Nyie mmezoea!"

Anfisa alimtazama kama anavyotazama kitu alichokikanyaga. "Marfa atatembea na fimbo ili wewe usijikune. Na huyu mtoto ungemwacha apigwe risasi huku unamalizia uji wako."

"Mpelekeni banda la kuku!" Kobzev alinguruma, akatoa leso kujifuta jasho.

"Na hiyo, Ndugu Kapteni?" aliuliza Anfisa.

Leso ikasimama hewani. Nyeupe, laini, inang'aa.

"Nilimpa asubuhi," alisema Ryabtsev kutoka chini, kwa furaha ya mtu anayezama na mwenzake. "Na chai."

Kobzev aliishika leso kwa vidole viwili, kama panya aliyekufa. "Mimi... nilidhani ni ya kawaida."

"Bila shaka. Ndiyo maana Zinaida anatoka sasa hivi, si jioni. Na mkanda wake."

Zinaida alitoka. Manyoya ya kuku yalikuwa yamemjaa kwenye nywele, na hakuna aliyethubutu kucheka. Alikwenda moja kwa moja kwenye masanduku, akafungua bomu moja moja kwa mikono yake. Alikuta mengine manne yamejazwa flaneli.

Saa kumi na mbili jioni, Meja akiwa tayari amefungwa kwenye gari, Kobzev alirudi uwanjani.

"Vielelezo," alisema bila kumtazama mtu. "Nimepewa vitambaa viwili tu, vya bomu la kwanza kufunguliwa. Vilivyobaki viko wapi?"

Wasichana walitazama mawingu. Taras alitazama buti zake kwa jicho lake moja. Zinaida alikuwa amesimama wima kando ya ndege, uso mkavu, akihamisha uzito taratibu kutoka mguu huu kwenda ule, kama mtu anayeonja kitu kitamu.

"Vimeungua, Ndugu Kapteni," alisema. "Kwenye treni."